Kabari za Marehemu Ken

Kuna watu wanalipa pesa nzuri kabisa, wanaendesha gari kwa saa tano, ili waje kujipikia wenyewe, kuosha vyombo wenyewe na kugonga vichwa kwenye boriti za miaka mia nne, halafu wanaita hiyo likizo. Sawa, kila mtu na starehe yake, mi sina neno. Neno langu ni moja tu na nimelibeba tangu mwezi wa tano. Yule mama anayehakikisha mkifika mnakuta kitanda kimetandikwa, maziwa yako kwenye friji na keki ya limau iko mezani, huyo mumheshimu. Basi, ni hilo tu. Anayeona nazidisha asome mpaka mwisho kwanza.

Mama mwenyewe anaitwa Beryl Thackway. Mi namwita Bi Beryl, kwa sababu mama yangu katoka Tanga na hataki kunisikia namwita mtu wa miaka sitini na nane kwa jina kavu, hata kama hapa mjini kwetu Ludbourne kila mtu anaitwa jina kavu mpaka mchungaji. Tunakaa mlango wa pili kutoka kwake tangu nina miaka mitatu. Ni mfupi, anatembea haraka kama anakimbizwa na mvua, na mfukoni mwa koti lake hamkosi kitambaa cha kufutia. Akikaa kwako dakika mbili anakufutia bomba la jikoni huku anaongea, wala hajui kama anafuta.

Ukiingia kwake, ukutani jikoni kuna ubao wenye misumari kumi na nne, na kila msumari una ufunguo wa nyumba ya mtu. Jirani akisafiri, Bi Beryl anamlisha paka. Jirani akilazwa, anamwagilia nyanya zake. Mzee Pask wa kule kona huwa anajifungia nje kila wiki, yeye ana wa kwake na wa akiba. Hakuna aliyemtuma. Ulianza ufunguo mmoja, zikawa mbili, ndiyo ikawa hivyo. Mtaani kwetu ukitaka kujua kama mtu ameshakuwa mwenyeji, unauliza tu kama ufunguo wake uko kwa Beryl. Sisi ilituchukua miaka miwili. Siku ile mama alitoka machozi, mpaka leo anasema alikuwa anakata vitunguu.

Sasa hiyo nyumba ya likizo. Iko Mtaa wa Kondoo huu huu wetu, nyumba sita kutoka sokoni. Kwenye mtandao inaitwa Nyumba ya Mfumaji. Mfumaji gani? Hapo hajawahi kukaa mfumaji. Kabla haijawa ya wageni palikuwa na duka la chakula cha kuku, na kabla ya hapo fundi viatu. Ila nani atalipa kwenda kulala kwenye duka la chakula cha kuku? Mwenyewe ni Crispin Hartnoll, anakaa London. Anakuja mara tatu kwa mwaka na suruali nyekundu, anapiga picha mlango, anaondoka. Anayeijua nyumba ni Bi Beryl. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, wageni wanatoka saa nne asubuhi, wengine wanaingia saa kumi jioni, na hapo katikati ni yeye peke yake. Anatoa mashuka, anasugua sufuria walizounguza na kuzificha nyuma ya kabati (wanaficha! watu wazima!), anatoa nywele kwenye bomba la bafu, anaoka keki. Kwenye kitabu cha wageni wanaandika, "Asante Crispin kwa keki tamu." Crispin! Crispin hajui hata tanuri linawashwa wapi.

Ila kubwa kuliko keki ni kabari, na nawaomba mnisikilize vizuri hapa maana kila kitu kinatoka hapa.

Chumba cha kulala cha juu kina sakafu ya mbao iliyoinama. Siyo kidogo. Nyumba nzima imelalia upande wa dirisha kama mzee anayesikiliza umbea wa jirani. Ukiweka chungwa mlangoni, linabingirika mpaka pembe ya dirishani, na pale kuna ubao wa chini ya ukuta ulioachia, kidole kinapita. Zamani kitanda kilikuwa kinateleza chenyewe na milango ya kabati inafunguka watu wakiwa wamelala. Basi mume wa Bi Beryl, Ken, ambaye alikuwa seremala, akatumia kipupwe kizima kuchonga kabari, vile vipande vya mbao vyembamba huku vinene kule, kimoja kwa kila mguu wa kila kitu mle ndani. Kitanda, kabati, meza ya kioo, viti, mpaka kastuli ka miguu. Ishirini na tatu jumla. Kila kimoja kaandika kwa penseli kinakaa wapi: KABATI MBELE KUSHOTO, KITANDA DIRISHANI. Alipomaliza, samani zote zilisimama wima kama askari wa gwaride, na mgeni hawezi kujua kabisa kama sakafu imeinama. Mwaka uliofuata Ken akafariki. Huu ni mwaka wa saba sasa.

Na kila Jumamosi, kabla hajafunga mlango, Bi Beryl anapiga magoti anazipitia zote, kwa sababu mashine ya kufagilia inazisukuma na wageni wanazipiga teke. Mi nilimwona mara moja tu, nilipompelekea miwani aliyoisahau kwetu. Alikuwa chini ya kitanda, miguu tu nje, anasema, "Haya Ken, shika hapo." Halafu, "Na hapo." Nikaiacha miwani kwenye ngazi nikaondoka zangu.

Haya. Mwezi wa tano akaja mgeni mmoja, Davina Rusk, na mumewe, siku saba. Wakaondoka Jumamosi kama kawaida. Jumatatu asubuhi Bi Beryl akapata meseji kwenye kale kasimu kake ka vitufe, kutoka kwa Crispin: "Habari Beryl. Tumeamua kutumia huduma nyingine kuanzia wiki hii. Tafadhali acha ufunguo wa akiba kwenye kisanduku cha mlangoni. Kila la heri."

Kila la heri! Miaka kumi na moja, meseji moja. Mbwa wa Mzee Pask alipokufa, daktari wa wanyama alileta kadi.

Akaja kwetu na ile simu mkononi. "Hebu nisomee tena, kipenzi. Labda nimeelewa vibaya."

Hakuwa ameelewa vibaya. Mi nikaingia kwenye mtandao kuangalia, maana maoni ya wageni nayasoma kama wenzangu wanavyofuatilia tamthilia, na nikakuta Davina kaandika jana yake. Nyota moja. Mito migumu. Kengele za kanisa zinapigwa Jumapili asubuhi (sasa zipigwe lini?). Halafu hivi, neno kwa neno: "Hereni yangu ya lulu, ya marehemu bibi yangu, niliiacha juu ya meza ya kioo. Haipo. Mwenye ufunguo ni mfanya usafi peke yake, Beryl. Sisemi zaidi, mjumlishe wenyewe."

Na chini yake, jibu la Crispin: "Tunasikitika sana. Mhusika hayuko nasi tena."

Mhusika! Jamani damu ilinichemka mpaka masikio. Hajamuuliza hata swali moja. Hata lile la kinafiki, la "hivi Beryl hukuiona hereni?" Hakuna. Kaliacha jina lake pale juu, dunia nzima isome.

Bi Beryl alikaa kwenye kiti cha jikoni kwetu akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Halafu akasema taratibu kabisa, "Imebingirika. Masikini, imeanguka ikabingirika. Iko nyuma ya ule ubao." Uso ukamng'aa kidogo, unaona, kama mtu aliyepata jibu la fumbo. "Ngoja nimpigie nimwambie."

Tukaenda naye kwake. Simu yake ya mezani inapiga kelele kama redio ya kinyozi, mimi na mama tulisikia yote.

"Crispin, ni Beryl. Nimejua hereni ilipo. Pembe ya dirishani, ubao umeachia. Kila kitu kinabingirikia pale."

"Beryl, tafadhali. Kinabingirika vipi? Sakafu iko sawa. Nimelala mle ndani mwenyewe, kitanda kimenyooka kabisa."

"Kimenyooka kwa sababu ya kabari za Ken. Inama uangalie chini ya..."

"Sikiliza," anasema Crispin, na sauti yake ikawa ya mtu anayemwonea mwenzake huruma, ndiyo hiyo iliyonikera zaidi. "Kama hukuiweka wewe pale, umejuaje ilipo?"

Bi Beryl akakunja waya wa simu kidoleni.

"Tusilifanye liwe baya zaidi," Crispin akasema. "Sitaita polisi. Tuachane kwa wema." Akakata.

Mama akalipuka. "Mshenzi huyu! Nipe namba yake. Nipe hiyo namba nimwongeleshe Kitanga!"

"Hapana, hapana," Bi Beryl anasema. "Usilete makelele."

"Makelele? Beryl, umeitwa mwizi! Twende sasa hivi tukaing'oe hiyo mbao, tumtupie hereni yake usoni."

"Nikienda kuitoa, mimi ni mwizi aliyerudisha. Nisipoenda, mimi ni mwizi tu." Akachukua ule ufunguo wa akiba, akaufuta kwa kitambaa pande zote mbili, akatoka kwenda kuuweka kwenye kisanduku kama alivyoambiwa. Ufunguo wa watu wanaomwita mwizi, na yeye anaung'arisha kwanza!

"Watu wa hapa bwana," mama akasema tukiwa tunarudi. "Unamkanyaga mguu, yeye ndiye anakuomba radhi."

Mi nilitaka kujibu kule kule mtandaoni. Nilikuwa nimeshaandika aya nne, kali, zina pilipili. Bi Beryl akanikataza. "Ukijibu, wengi zaidi watasoma," akasema. Nikafuta. Mpaka leo zinaniuma zile aya.

Lakini walisoma tu. Ludbourne ni mji mdogo, siku ya soko habari inafika kwenye meza ya jibini kabla ya jibini lenyewe. Na hapo ndipo lilipokuja lililoniudhi kuliko Davina na Crispin wakijumlishwa.

Wa kwanza alikuja Jumatano. Winifred Oakes, nyumba inayotazamana na ya Bi Beryl. Walikaa dawati moja shuleni, wamepambana kuchumbiwa na Ken wote wawili, wamezeeka pamoja. Mi nilikuwa pale, nimepeleka maandazi.

"Beryl mpenzi," anasema Winifred, amesimama mlangoni, haingii. "Naomba ule ufunguo wangu. Fundi bomba anakuja."

"Utakuwa nyumbani lakini?"

"Ndiyo, ndiyo. Ila... awe nao tu."

Bi Beryl akautoa kwenye msumari, akampa. Winifred akasifia hali ya hewa. Mvua ilikuwa inanyesha.

Alhamisi wakaja wawili. Mmoja anabadilisha kitasa, mwingine mtoto wake anakuja kukaa. Ijumaa mmoja. Jumamosi watatu, wote wana sababu, wote wanatabasamu, na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesema kile alichokuja nacho moyoni. Angalau wangesema "tunakuogopa"! Mtu angepata pa kujibia. Unajibuje fundi bomba? Kufika wiki ya pili misumari tisa ilikuwa mitupu, na Bi Beryl alikuwa anaukwepa ubao ule kama mtu anayekwepa shimo. Aliacha kuoka. Akiingia buchani, watu wanaanza kusoma bei za soseji kama wameziona leo.

Mama alikwenda kwenye droo yetu, akatoa ufunguo wa kibanda cha baiskeli, ufunguo wa sanduku la barua, na mwingine ambao hata hatujui ni wa nini, akaenda kwake akazitundika mwenyewe kwenye misumari mitupu.

"Huu wa nini?" Bi Beryl akamuuliza.

"Sijui. Nitunzie hivyo hivyo."

Bi Beryl akacheka, mara ya kwanza tangu ile meseji.

Sasa upande wa nyumba ya likizo. Crispin kaleta kampuni ya usafi kutoka mji mwingine, watu wawili na gari lenye picha ya povu. Wanamaliza kwa dakika hamsini. Ile Jumamosi yao ya kwanza wakasogeza kitanda, wakaona vipande vya mbao chini. Vipande vya mbao vinafanya nini chini ya kitanda? Wakaviona ni uchafu. Wakavikusanya vyote, wakavitia kwenye pipa. Alhamisi gari la taka likapita likachukua. Hivyo tu. Kipupwe kizima cha Ken, na ile miandiko yake ya penseli.

Sisi hatukujua. Tulichokiona ni maoni. Mgeni wa kwanza: "Tulihisi tuko melini." Wa pili: "Kabati linafunguka lenyewe saa zote. Kikombe cha chai kilitembea. Nyumba ina mzimu." Na Crispin, bila haya, akajibu, "Nyumba za kale zina siri zake!" na akaongeza kwenye tangazo kwamba huenda mfumaji bado yupo. Yaani kamfukuza binadamu kaajiri mzimu! Na mzimu wenyewe wa mfumaji asiyekuwepo!

Jumamosi iliyofuata wakaja familia kutoka Wales. Baba anaitwa Gethin Probert, fundi umeme, na binti yake Lowri, miaka minne, ana vigari vya kuchezea. Mambo yao tuliyajua Jumanne asubuhi. Nilikuwa nakunywa chai kabla ya shule, nafungua mtandao kama kawaida yangu, nikakuta maoni mapya yana picha. Nilitoka nje na soksi. Na soksi, barabarani, mawe yamelowa, nagonga mlango wa Bi Beryl kama nadai.

"Bi Beryl! Bi Beryl soma! Soma hapa!"

Gethin kaandika hivi: "Kigari cha binti yangu kilibingirika kutoka mlangoni kikapotelea nyuma ya ubao wa pembeni. Cha pili pia. Cha tatu ndipo nikachukua bisibisi. Tazameni tulivyovikuta. Kwa yule mama aliyepoteza hereni mwezi wa tano: hii hapa. Sakafu hii ina mteremko kuliko barabara ya kwetu. Hakuna mwizi hapa, kuna mlima. Huyo Beryl, simjui, lakini mtu amwombe radhi."

Na picha. Kavipanga juu ya taulo jeupe: vigari vitatu, sarafu za zamani, vifungo, jino la mtoto, dawa za kichwa, na katikati hereni ya lulu, inang'aa kama haina habari.

Mi naruka ruka. Bi Beryl kavaa miwani, kainamia simu. Haangalii hereni. Anaangalia kipande cha mbao pembeni, karibu na vifungo. Akakigusa kwa kidole, picha ikajikuza, akashtuka. Kwenye ile mbao mtu alikuwa kaandika kwa penseli: KABATI MBELE KUSHOTO.

"Hiyo imefikaje huko?" akasema. "Mi niliiweka mahali pake." Halafu sauti ikabadilika, sijawahi kuisikia ile sauti kwake. "Nyingine ziko wapi?"

Crispin akaja siku hiyo hiyo mchana. Suruali nyekundu, maua ya kununua njiani, bado yana karatasi ya bei. Mama alikuwa ameshaketi jikoni kwa Bi Beryl tangu asubuhi, kavaa kilemba chake cha shari. Mi nilirudi kutoka shule nikamkuta Crispin kwenye kiti, chai mbele yake, hajapewa biskuti. Kwa hapa kwetu, chai bila biskuti ni tangazo la vita.

"Beryl, pole sana kama uliumia," anasema.

"Kama?" mama akadakia.

"Ngoja," Bi Beryl akasema. Akamgeukia Crispin. "Kama?"

"Namaanisha, pole kwamba... hali ilikuwa ngumu kwetu sote. Nataka urudi. Jumamosi hii hii. Kitanda kimeteleza mpaka dirishani, Beryl, wageni wanalala wamejikunja ukutani. Sijui ulikuwa unafanyaje."

"Nilikwambia nilikuwa nafanyaje. Nilikwambia kwenye simu ile pale. Kabari za Ken ziko wapi?"

"Zile mbao? Nafikiri... wale wa usafi walizitupa."

Mama akaweka mkono kifuani. Bi Beryl alisimama, akachukua kikombe cha Crispin, bado kina chai, akakimwaga kwenye sinki, akakiosha, akakifuta, akakirudisha kabatini. Aligeuka polepole.

"Nimekutunzia nyumba yako miaka kumi na moja," akasema. "Nimetoa nywele za wageni wako kwenye mabomba. Nimekubali keki zangu ziitwe zako. Mgeni wa siku saba kasema neno, ukaliamini bila kuniuliza. Nikakwambia ilipo, ukasema nimeiweka mimi. Hayo yote ningeyanyamazia, Crispin, nimezoea kunyamaza. Lakini umetupa mikono ya mume wangu kwenye taka."

"Sikujua..."

"Hukuinama!" Akapiga meza. Bi Beryl! Kijiko kiliruka. "Ungeinama mara moja tu ungejua! Sasa toa simu yako. Pale ulipoandika mhusika, uandike jina langu. Uandike sikuiba. Uandike hukuniuliza. Andika nikiona, na huyu atanisomea."

Crispin akaandika. Mara ya kwanza akaandika "kulitokea kutoelewana", nikamsomea Bi Beryl, akatikisa kichwa. Akafuta. Mara ya pili akaandika "tunajutia usumbufu". Akafuta. Mara ya tatu ikawa hivi: "Beryl Thackway hakuiba chochote. Alituambia hereni ilipo, hatukumsikiliza, na nilimwondoa kazini bila kumuuliza. Nilikosea." Sikumwonea huruma, nisamehewe.

"Basi utarudi?" akauliza.

"Kile kipande kilichobaki kiko wapi? Kile cha kwenye picha."

"Nadhani nimekiacha kule kwenye nyumba, mezani. Ni mbao tu, sikuona..."

"Kalete."

"Sasa hivi?"

"Kalete, Crispin."

Akatoka kwenye mvua iliyokuwa imeanza kunyesha, suruali nyekundu ikipanda Mtaa wa Kondoo, watu wa sokoni wanafunga meza zao wanamtazama. Akarudi nacho mkononi. Bi Beryl akakipokea, akakikausha kwa kitambaa chake, akakitia mfukoni.

"Mimi sirudi. Hakuna mtu wa kuchonga vile tena, na siwezi kupiga magoti mahali zisipokuwepo kabari zake. Waambie wageni wako si wamekuja kujitegemea? Wajipikie, wajifulie, na wajisawazishie." Akamfungulia mlango. Maua yake alimrudishia.

Davina je? Alipelekewa hereni yake kwa posta. Hakuandika samahani, hakupiga simu. Alibadilisha tu maoni yake, nyota moja ikawa tatu: "Hereni imepatikana. Mito bado migumu." Yaani mpaka leo nikimkumbuka nahitaji kunywa maji.

Na zile funguo. Nilijua zitarudi, ila nilitaka kuona zitarudi vipi. Wa kwanza kutoka alikuwa wa kwanza kurudi, Alhamisi, Winifred, na mtungi wa jamu ya matunda ya forosadi.

"Beryl mpenzi, nimepita tu. Jumapili naenda kwa dada yangu, nikasema nikuachie..." Akanyoosha ufunguo.

Bi Beryl hakunyoosha mkono. "Fundi bomba alikuja?"

"Nani?"

"Fundi bomba, Winnie. Aliyetaka ufunguo wakati wewe uko ndani."

"Aa. Alikuja, ndiyo. Hali ya hewa imebadilika sana, sijui kama..."

"Jina lake nani?"

Nilikuwa nimekaa pale na andazi mdomoni, nimeacha kutafuna. Mlango uko wazi, barabara nzima inapita. Kwa watu wa hapa hili ni tusi kubwa kuliko matusi, kumuuliza mtu swali mpaka mwisho. Winifred akaangalia jamu yake. Shingo ikawa nyekundu, ikapanda mpaka kwenye masikio.

"Hakukuwa na fundi," akasema.

"Najua. Sema kilichokuwepo."

"Beryl, tafadhali, watu wanasikia."

"Walisoma, wacha wasikie."

Gari la mkate likapita, likageuza, likarudi. "Nilidhani umeichukua," Winifred akasema mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo kabisa, ya dawati la shule. "Miaka sitini nakujua na nilidhani umeichukua. Nisamehe."

Bi Beryl akapokea ufunguo. Hakuurudisha kwenye msumari wake wa zamani, ule wa juu kabisa kushoto. Pale sasa palikuwa na ile kabari ya Ken, kaitoboa tundu dogo kaitundika. Ufunguo wa Winifred akautundika mstari wa chini, jirani na ule wa mama usiofungua kitu.

"Ingia basi," akasema. "Jamu hiyo tutailia hapa." Akatoa vikombe, na sahani, na, nikaona kwa macho yangu, biskuti.

Walikunywa chai, wakaongea habari za paka. Winifred alipoinuka kuondoka, amevaa koti, ameshika kitasa, Bi Beryl akawa anafuta meza bila kumtazama.

"Na fundi bomba nisalimie," akasema.